Babu Eudald, Aliyegeuza Chupa Kulia

Mheshimiwa padri, Babu mdogo Baldiri, Shangazi Assumpta, baba na mama, majirani wa Torreroja na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu katika wiki ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeacha shamba lake, naitwa Roser Galimany, binti wa Fèlix, mjukuu wa marehemu, na familia imenipa mimi kazi ya kusoma historia yake kwa sababu, kama Shangazi alivyosema jikoni, "wewe ndiye uliyezoea kupeleka maneno." Nitaisoma kwa mpangilio wake, tangu kuzaliwa hadi kufariki, lakini wakati ninasoma naomba mkumbuke kwamba zabibu zetu zimeiva na hakijakatwa hata kishada kimoja, kwa kuwa mizabibu mingi na pango la kulazia mvinyo vipo chini kwetu, shinikizo la kukamulia lipo juu kwa Babu mdogo, na kati ya juu na chini hakuna aliyezungumza na mwenzake tangu kabla sijazaliwa. Baba amesema mavuno haya yasipokamuliwa nyumbani, mizabibu ya chini itauzwa kabla ya Krismasi, na baba si mtu wa kusema mara mbili.

Marehemu Eudald Galimany Ferret alizaliwa tarehe 3 Machi 1908 katika nyumba yetu hapa Torreroja, mtoto wa kwanza wa mzee Isidre Galimany na mama Llúcia Ferret, na tarehe 9 Mei 1910 akazaliwa mdogo wake, Baldiri, ambaye tunaye hapa, kiti cha mbele, upande wa kushoto. Walikuwa wawili tu, walilala kitanda kimoja na kula sahani moja, na marehemu Bibi alinisimulia kwamba mama yao alikuwa akisema ukimchapa Eudald, anayelia ni Baldiri. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu mliozaliwa baada ya vita hamwezi kuliamini, na hata mimi ninaliamini kwa shida.

Alianza shule ya kijiji mwezi Oktoba 1914, akajua kusoma, kuandika na kujumlisha, na mwalimu wake alitaka aendelee, lakini mwezi Juni 1919 baba yake aliumia mgongo akishusha mapipa, naye akatolewa darasani akiwa na umri wa miaka kumi na mmoja ili aingie pangoni kubeba chupa. Katika ukoo wetu shule haijawahi kumwisha mtu kwa sababu yake mwenyewe, daima humwisha kwa sababu ya mgongo wa mtu mwingine, au ya ulimi wa mtu mwingine, na hilo nitalifikia.

Kazi yake ya maisha ilikuwa kutengeneza kava, mvinyo wetu wa mapovu, na kwa ajili ya ndugu zetu waliotoka Barcelona, ambao kazi hii wanaijua kwa upande wa kunywa tu, nitaeleza kwa ufupi. Mvinyo wa mavuno hutiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na chachu, chupa hulazwa gizani pangoni miaka miwili au mitatu, mle ndani chachu huzaa mapovu kisha hufa, na maiti yake hubaki kama mashapo yaliyolala ubavuni mwa chupa. Ili kuyatoa, shingo ya chupa huchomekwa kwenye tundu la ubao ulioinama, na kila siku mtu hupita akiitikisa kidogo, akiizungusha kidogo na kuinyanyua kidogo, mpaka baada ya wiki kadhaa mashapo yote yateremke na kukaa shingoni, ndipo kizibo hufunguliwa na mapovu yenyewe huyatema nje, na mvinyo hubaki mweupe kama maji ya chemchemi. Kitako cha kila chupa huwekwa alama ya chaki ili anayegeuza aone alipoishia jana. Kazi hii, kama walivyofundishwa wote wawili na baba yao, ni ya mkono mmoja na upande mmoja, ikiingiliwa na mkono wa pili mashapo hupanda tena, mvinyo huchafuka, na unaanza upya.

Marehemu alianza kugeuza chupa mwaka 1923, akazigeuza kulia. Babu mdogo alianza miaka miwili baadaye, na kwa kuwa yeye ni mtu wa mashoto, akazigeuza kushoto. Mzee Isidre aliliona hilo akafanya jambo la maana kuliko yote yaliyowahi kufanywa katika nyumba yetu, alimpa Eudald mbao za ukuta wa kulia na Baldiri mbao za ukuta wa kushoto, akawaambia kila mmoja ashike ukuta wake na asishike wa mwenzake, na kwa miaka mingi kava ya Galimany ilinywewa kwenye arusi za bonde hili lote bila mtu kulalamika.

Tarehe 28 Aprili 1934, katika kanisa hili, marehemu alifunga ndoa na Bibi Remei Olivella, na Mungu akawajalia watoto wawili, Fèlix, aliyezaliwa tarehe 15 Novemba 1935, ambaye ni baba yangu, na Assumpta, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1942. Mwaka 1938 aliitwa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akavuka mpaka pamoja na walioshindwa, akakaa kambini upande wa Ufaransa, akarudi kwa miguu mwezi Machi 1940 amekonda hata mbwa wa nyumbani hakumtambua. Muda wote huo Babu mdogo, ambaye jeshi lilimwacha kwa sababu ya goti lake, ndiye aliyelima mashamba yote, akamlisha Bibi na baba yangu, akakataa kuoa kwa kuwa, alisema, tayari alikuwa na nyumba ya kulisha. Hayo aliyafanya bila kuombwa na hajawahi kuyataja. Laiti angeyataja, pengine wangekuwa na jambo la kuzungumza.

Mzee Isidre alifariki tarehe 22 Januari 1951, akiwa ameacha wosia kwamba nyumba na mizabibu ya chini ni ya Eudald, mizabibu ya juu na shinikizo ni vya Baldiri, na pango lisigawanywe bali libaki la wote wawili, kwa maana alidhani watu wenye pango moja watalazimika kupendana. Mzee alijua mizabibu, watoto wake hakuwajua.

Sasa nafika tarehe 7 Oktoba 1961, siku ya arusi ya baba na mama yangu, na Shangazi ameniomba niipite haraka, lakini nikiipita haraka hakuna mtu atakayeelewa kwa nini leo shinikizo limefungwa. Meza zilikuwa uani, mavuno yalikuwa yamekwisha, kava ikafunguliwa, na mzee Narcís, babu yangu wa upande wa mama, mwenye duka la kofia huko Barcelona, aliinua glasi yake kwenye jua, akaitazama, akauliza kwa upole, "Samahani wakwe zangu, huu ni mvinyo au ni mchuzi?" Watu walicheka. Marehemu alisimama akasema, "Hiyo imetoka ukuta wa kushoto." Babu mdogo naye akasimama, akasema, "Ukuta wa kushoto wa mama yako! Hiyo ni kazi ya mkono wako, mzito kama wa mwashi," naomba radhi, padri, ndivyo alivyosema, akisahau kwamba mama yao ni mmoja na ameketi palepale. Bibi mzaa babu alianza kulia, bendi ikaacha kupiga, na hakuna aliyekwenda kutazama chupa ile ilitoka ukuta gani, wala hatutajua kamwe, kwa sababu waliokuwa wakihudumu walikuwa wamekunywa kuliko wageni.

Kuanzia siku ile hawakusemezana tena. Hilo peke yake lingevumilika, kuna nyumba nyingi hapa Torreroja ambazo ndugu hawasemezani na bado mvinyo wao ni safi. Lakini kila mmoja aliamua moyoni kwamba mwenzake ndiye anayeharibu, na kwamba kwa heshima ya jina la baba yao ni lazima asahihishe kazi ya mwenzake. Marehemu alishuka pangoni asubuhi kabla ya misa, akageuza chupa za kuta zote mbili kulia. Babu mdogo alishuka mchana baada ya usingizi wa chakula, akageuza chupa za kuta zote mbili kushoto. Alama za chaki zilikwenda na kurudi, zilikwenda na kurudi, mashapo yakateremka asubuhi na kupanda mchana, na jioni kila chupa ilikuwa palepale ilipoamkia. Zilizosafika ni zile za safu ya chini kabisa, kwa kuwa goti la Babu mdogo halikumruhusu kuinama mpaka huko, na ndugu zangu waombolezaji, naomba mjue kwamba familia ya Galimany imekula, imevaa na imelipa kodi miaka yote hii kutokana na safu ya chini.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tumelima mpaka mpini umekatika.

Maneno ya lazima kati yao, kama vile lini tuvune, lini tukamue, nani amechukua ngazi, yalibebwa na Bibi Remei, aliyepanda mlima na kushuka kwa viatu vyake vya kamba, akiwaita mbele yao "mapunda wangu wawili," mpaka alipofariki tarehe 19 Januari 1977. Baada ya maziko yake kazi hiyo ilipewa Shangazi Assumpta, lakini haikumfaa, kwa kuwa alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe. Akitumwa kusema "leta vikapu," alifika juu akasema, "Leta vikapu, na uone aibu, mtu mzima wewe." Kwa hiyo mwezi Juni mwaka uleule, nilipomaliza darasa la nane kwa masista wa Vilafranca, na wenzangu wakajiandikisha kuendelea, mimi niliitwa nyumbani. Sista mkuu alikuja mwenyewe kumwambia baba, "Huyu msichana ana kichwa." Babu akamjibu, "Ndicho tunachokihitaji, sista, kichwa kisichosahau njiani."

Nilimpenda Babu na ninataka hilo lieleweke. Alinifundisha kuonja zabibu ya macabeu na kusema siku yake ya kukatwa, alinikatia mkate na kuupaka nyanya na mafuta kila asubuhi kabla sijaamka, na siku nilipolia kwa ajili ya shule alikaa karibu nami kwenye ngazi ya pango, na nikamwona naye anafuta macho. Lakini nilipomwambia, "Babu, kila unachogeuza asubuhi yeye anakirudisha mchana," alisema, "Najua." Nikamwuliza, "Sasa unageuzia nini?" Akasema, "Nisipogeuza, zitabaki kushoto." Nikapanda juu nikamwambia Babu mdogo maneno yaleyale, naye akasema, "Najua." Nikamwuliza, "Sasa unageuzia nini?" Akasema, "Nisipogeuza, zitabaki kulia. Na wewe usiwe mjuaji, ulitumwa kuuliza ngazi."

Siku ya Mtakatifu Stefano mwaka jana, kesho yake ya Krismasi, tulikula pamoja meza moja, maana Bibi alipokuwa anakufa aliwaapisha wasiache desturi hiyo, nami niliketi katikati kama kawaida. Babu alisema, "Roser, mwambie yule wa juu chumvi iko mbele yake." Babu mdogo, ambaye kiwiko chake kilikaribia kugusa cha Babu, alisema, "Roser, mwambie yule wa chini macho ninayo, kilichokosekana ni ladha." Shangazi aliyekuwa amepika tangu alfajiri alipiga mwiko mezani, akauliza, "Na mimi mnaniambia kupitia nani?" Wote wawili waliomba waongezewe supu, na wote wawili waliiomba kupitia kwangu.

Tangu majira yale ya baridi marehemu alianza kukosa pumzi. Tarehe 14 Februari mwaka huu baba alimpeleka kwa daktari huko Vilafranca, akaambiwa mapafu yake yamechoka na kwamba asishuke tena kwenye unyevu wa pango, naye akamwuliza daktari kama basi daktari ndiye atakayeshuka. Aliendelea kushuka, akipumzika kila ngazi chache, na sisi tulimsikia kutoka jikoni akikohoa na chupa zikilia kwenye matundu yake. Tarehe 27 Agosti alizidiwa, akalazwa hospitali, na kutoka kitandani akamwagiza baba amgeuzie kulia, na baba alifanya hivyo kila asubuhi, na kila mchana Babu mdogo aligeuza kushoto, kwa hiyo hata ugonjwa haukubadilisha kitu pangoni mwetu. Kila nilipokwenda kumwona, swali lake halikuwa juu ya dawa. Aliuliza macabeu imefikia wapi, ganda limelainika, mbegu zimegeuka rangi, na mvua inasema nini.

Jumanne, tarehe 11 Septemba, saa sita mchana, aliomba tutoke wote nibaki mimi. Shangazi alitoka na leso machoni, akanibusu, akaninong'oneza, "Hatimaye, anamsamehe." Mama alipiga ishara ya msalaba. Nilikaa kitandani, nikamshika mkono, naye akavuta pumzi mara kadhaa, akasema, "Mwambie Baldiri." Hakusema yule wa juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimezaliwa nilimsikia akilitamka jina la mdogo wake. Nikasema, "Nimwambie nini, Babu?" Akasema, "Mwambie Baldiri ni kulia."

Nilisubiri kama kuna zaidi. Hakukuwa na zaidi. Alikuwa amefumba macho, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilipanda basi la saa nane, nikamkuta Babu mdogo mwisho wa shamba lake, anaonja macabeu na kutema maganda, nikampa maneno kama nilivyopewa, bila kuongeza. Aliacha kutafuna. Akauliza, "Amesema Baldiri?" Nikasema, "Ndiyo." "Hakusema yule wa juu?" "Amesema Baldiri." Akageuka akatazama chini kwenye nyumba yetu, akasema, "Mwambie nitafikiri." Mimi nimeheshimu wakubwa maisha yangu yote, lakini pale shambani nilipaza sauti, nikamwambia, "Babu mdogo, daktari amesema ni siku mbili tatu, unafikiri mpaka lini?" Naye akasema, "Usinifokee. Mwambie tu."

Jumatano, tarehe 12 Septemba 1979, basi la asubuhi lilinifikisha hospitali saa mbili, na marehemu alikuwa amefariki saa kumi na mbili alfajiri, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, mbele ya baba na Shangazi. Sikuwahi kumpa jibu. Ni ujumbe pekee katika kazi yangu yote ambao haukufika.

Hapa ndipo historia ya marehemu ingepaswa kuishia, lakini kuna jambo la jana, na kwa kuwa wahusika wote wako ndani ya kanisa hili, nitalisema kwao wote kwa mara moja ili nisitembee tena. Jana, Alhamisi, saa kumi alasiri, nilimkuta Babu mdogo akitoka pangoni amevaa suti yake nyeusi, vidole vyake vimejaa chaki. Nikamwuliza kwa kuchoka kabisa, "Umegeuza?" Akasema, "Nimegeuza." Nikasema, "Kushoto, hata leo?" Akanitazama kama nimemtukana, akasema, "Kulia. Si alisema kulia?" Akapanda zake mlima akichechemea. Nilisimama pale mlangoni nikalia, nikashukuru Mungu, nikaona hatimaye mashapo yatateremka. Jioni, mezani, nikiwa bado nina furaha hiyo, baba akasema, "Sisi tumefikiria na Assumpta, mzee amekwenda, hakuna haja ya ugomvi kuendelea. Asubuhi tumeshuka tukageuza chupa zote kushoto, kwa heshima ya Baldiri." Na Shangazi akaongeza, "Ili apate faraja, maskini."

Niliweka kijiko chini. Leo alfajiri nilishuka na taa nikaangalia alama za chaki, nanyi mnajua nilichokikuta. Ziko palepale zilipokuwa Jumatano.

Baba, Shangazi, nawaambia sasa kwamba Babu mdogo anageuza kulia. Babu mdogo, nakuambia sasa kwamba wao wanageuza kushoto, kwa ajili yako. Na wewe Babu Eudald, nakufikishia jibu lililochelewa, mdogo wako alisema atafikiri, na kwa ninavyoona amekwisha kufikiri. Huo ndio ujumbe wa mwisho ninaoubeba. Masista wamekubali kunipokea tarehe mosi Oktoba, nitakaa bweni huko Vilafranca, na kama mtaendelea kupendana kwa namna hii, bila kuulizana, mtamaliza chupa za mavuno matatu bila kusafisha hata moja, na safu ya chini haitatosha kumlipia mtu yeyote shule.

Jumatatu, tarehe 17 Septemba, jua likichomoza, tutaanza kukata macabeu. Kufikia saa tatu trela la kwanza litakuwa mlangoni pa shinikizo. Sitapanda kuuliza kama litafunguliwa. Shangazi Assumpta atapanda mwenyewe, atabisha mwenyewe, atauliza kwa mdomo wake, na Babu mdogo atajibu kwa mdomo wake, na kama Shangazi ataongeza maneno, basi ayajibu na hayo pia. Upande wa kugeuza chupa chagueni mnaoutaka, mashapo hayajali, yanachotaka ni mmoja tu.

Marehemu ameacha mdogo mmoja, watoto wawili, mkwe mmoja na mjukuu mmoja. Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimletea habari za mvua hata pale ambapo hakukuwa na mvua, ninamshukuru padri kwa kuisogeza misa mapema ili watu warudi mashambani, ninawashukuru majirani waliotuletea mkate, kahawa na viti, ninamshukuru dereva wa basi la Vilafranca aliyenisubiri kila nilipochelewa, ninawashukuru wenzake wa kazi kutoka mapango ya jirani waliobeba jeneza kutoka nyumbani, na ninawashukuru wavunaji waliotoka kusini, walioketi nyuma kule na visu vyao mifukoni, ambao wamekaa siku tatu bila kazi na hawakunung'unika mbele yetu.

Babu, macabeu imefika, ganda limelainika na mbegu zimegeuka rangi, mvua bado. Lala kwa utulivu karibu na Bibi Remei. Mengine yaliyobaki tutaambiana wenyewe.